Jina Zuri Lililokosa Mkia

Mkunga huyu alikuwa na subira ya aina moja tu. Aliweza kukaa na mwanamke mwenye uchungu tangu alfajiri mpaka jua linazama, akimfuta jasho na kumkanda kiuno, akimwambia "bado kidogo, mwanangu, bado kidogo," bila kuchoka wala kupandisha sauti. Lakini mweke kwenye foleni ya benki, au mpe mtu anayeanza habari kwa mbali, utamwona anavyohema. Mumewe alikuwa akisema kwamba subira yote iliishia kazini, nyumbani yakaja makombo.

Alipostaafu zahanati, magoti yakiwa yamemgomea, alidhani atapumzika. Wapi! Wanawake aliowazalisha walikuwa na namba yake ya simu. Wakawapa wadogo zao, na wadogo zao wakawapa mashoga zao. Kitovu kinanuka, nifanye nini? Mtoto ana kwikwi tangu asubuhi. Ziwa moja limejaa, la pili limegoma. Maswali yaleyale, majibu yaleyale, mpaka chai inampoa mkononi. Mdogo wake, muuza magodoro mwenye mdomo mwepesi na moyo mkubwa, ndiye aliyemwambia, "Dada, si uandike? Andika mara moja, wasome mara elfu."

Akaandika, na akakuta kumbe anaweza. Aliandika kama alivyosema: sentensi fupi, hakuna kumung'unya maneno, na mzaha kidogo ili mama aliyekesha apate kucheka. Makala zote akazipa kichwa kimoja, Pakata Mwana, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia wazazi wapya kabla ya neno lolote la dawa: mpakate kwanza, mengine tutayaona. Makala zikapokelewa. Zikaruka kutoka simu hadi simu, mpaka zikafika kwa watu ambao hakuwahi kuwaona.

Kitu kinachopita mikono mingi hakirudi kama kilivyotoka. Siku moja shoga yake alimtumia makala yake mwenyewe, ile ya mtoto asiyelala, na katikati yake mtu asiyejulikana alikuwa amepachika mstari: mtoto wa wiki moja apewe maji ya sukari. Mkunga alisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma upya.

"Mimi? Mimi nimesema hivi?"

Alizunguka sebule nzima akisema peke yake. Siku hiyohiyo akaamua kufungua tovuti. Maneno yake yakae mahali pamoja, na mwenye kuyataka ayafuate hapo.

Fundi wa tovuti alikuwa na ofisi ghorofani, juu ya duka la miwani: meza moja, kompyuta mbili, na kiti cha mgeni ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, ila hakuwahi kumaliza sentensi bila mojawapo ya simu zake kuita. Alimsikiliza mkunga, akabonyeza hapa na pale, akatabasamu.

"Mama, jina lako liko wazi. Pakatamwana, doti komu. Hakuna aliyelichukua."

"Basi nipe."

"Sawa, ila kwanza nikueleze. Hiki kinachokuja baada ya nukta tunakiita mkia. Watu wengi hukimbilia doti komu kwa mazoea tu, lakini siku hizi mikia ni mingi. Kuna doti ogi, hii mashirika yanaipenda. Kuna doti neti. Kuna mkia wa nchi. Kuna doti info, inafaa sana kwa mtu wa makala kama wewe, na mwezi huu ina punguzo. Halafu kuna..."

"Mkia upi watu huuandika bila kufikiri?"

"Doti komu."

"Basi si nimeshakwambia nipe?"

Mambo yangeishia hapo, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mumewe alikuwa amemsindikiza. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu aliyekula mkate wake kwa kupigilia vigingi mipakani, na hakuamini jambo lolote lililoamuliwa kabla ya kupimwa na kupimwa tena. Akakohoa.

"Mama watoto, tusikurupuke. Jina ni kama kiwanja. Ukikosea mpaka leo, kesho ni kesi. Twende nyumbani, tukae kama familia."

Mkunga alimtazama mumewe, akamtazama fundi. Fundi alikuwa kwenye simu. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amejifunza kwamba kubishana na mpima ardhi mbele ya watu ni kurefusha vipimo tu. Akachukua mkoba wake, wakashuka ngazi.

Wakakaa kama familia. Jumapili mchana, sebuleni, baba kwenye kiti chake, mdogo mtu kwenye kochi na viatu amevua, na mtoto wao wa kiume, mhasibu, amefika na maoni yake tayari kama mtu aliyekuja na chakula kutoka kwake.

"Mimi nasema mkia wa nchi," alianza mpima ardhi. "Mtu hujulikana kwa kwao. Mama akiuona, atajua huyu mkunga ni wa hapahapa, si mtu wa mbali anayebahatisha."

"Hapana, baba," mhasibu akasema. "Doti ogi. Doti komu inanuka biashara. Mtu mwenye kichanga anataka ushauri wa mtu asiyemuuzia kitu."

"Na biashara ina ubaya gani?" muuza magodoro akaruka. "Doti komu! Kesho na keshokutwa dada atauza vitabu, ataalikwa redioni. Mnataka afe akitoa sadaka?"

Kilichomuudhi mkunga ni kwamba hakuna aliyesema upuuzi. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na miguu ya kusimama. Ila hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza yeye.

"Shida yenu ninyi," alisema, "nyote mna akili. Mngekuwa wajinga ningeshawafukuza."

Kikao kikazaa kikao. Mpima ardhi akataka kwanza amuulize rafiki yake muuza matangi ya maji, ambaye alikuwa na tovuti. Rafiki akasafiri. Mhasibu akawa anamtumia mama yake kurasa ndefu za kulinganisha mikia, huu bora kwa hili, ule bora kwa lile, mpaka simu ikawa inamtia kichefuchefu. Wiki zikapita. Mkunga akiwakumbusha kwamba ngojangoja huumiza matumbo, na kwamba hakuna nyumbani humo aliyejua habari za matumbo kumzidi yeye, mumewe alimjibu kwa upole:

"Mwenda pole hajikwai."

"Hajikwai, ndiyo. Anafika salama, anakuta mlango umefungwa."

Wakati huo mdogo wake, bila nia yoyote mbaya, alikuwa amekwisha tangaza kwenye kundi lao la wanawake wa biashara: dada yangu anafungua tovuti, kaeni mkao wa kula, Pakata Mwana doti komu! Akaweka na mioyo myekundu mingi. Kundi lile lilikuwa na watu ambao hata yeye hakuwajua.

Hatimaye familia ikakubaliana. Na ikakubaliana nini? Doti komu. Ileile aliyoitaka mwenyewe siku ya kwanza, amesimama, mkoba mkononi. Safari hii alikataa kusindikizwa. Alipanda ngazi za duka la miwani peke yake, akipumzisha magoti kila baada ya hatua chache, akafika juu, akaketi kwenye kile kiti.

Fundi akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Mama..."

"Usiniambie."

"Limechukuliwa."

"Na nani?"

"Haionyeshi. Ameficha jina lake. Ni wiki iliyopita tu."

Mkunga hakuwa mtu wa kulia. Alicheka, cheko fupi, kavu. Wiki iliyopita! Wiki iliyopita mume wake alikuwa akimsubiri muuza matangi arudi safari.

"Lakini doti info bado ipo," fundi akasema haraka. "Na nilikwambia, kwa makala inafaa kabisa."

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwa mgonjwa asingelifanya kamwe: alichoka kabla ya kazi kuisha.

"Weka," alisema. "Weka chochote. Weka mkia wa ng'ombe ukipenda."

Tovuti ikafunguliwa, na haki ya mtu mpe, ilipendeza. Rangi tulivu, herufi kubwa, kila makala mahali pake. Shida ilianza mdomoni. Ukimwambia mtu "Pakata Mwana doti info," alisikia, akaitikia kwa kichwa, kisha vidole vyake vikaandika doti komu. Vidole vya watu vilikuwa vimezoea hivyo, kama punda anayejua njia ya nyumbani hata ukimvuta kwingine.

"Info," mkunga alirudia kwenye simu. "Si komu. Info."

"Ndiyo, mama, nimeandika hapa. Info, doti komu."

"Komu haipo, mwanangu! Itoe komu!"

"Nikishaitoa niweke nini?"

Hata mdogo wake, ndugu wa tumbo moja, alibandika tangazo kwenye duka lake la magodoro, zuri, la rangi, lenye picha ya dada mtu akitabasamu, na chini yake: Pakata Mwana doti komu. Mkunga alisimama mbele ya tangazo lile mikono kiunoni mpaka wateja wakaanza kumpisha.

Mwanzoni anwani ile ya doti komu ilikuwa tupu, ukiifungua unaona weupe. Kisha ikajaa. Picha ya mtoto aliyelala fofofo, makala za mkunga zimenakiliwa neno kwa neno pamoja na mizaha yake, na katikati ya makala, kama mdudu ndani ya embe, tangazo la matone ya kumlaza mtoto. Agiza leo, yanaletwa mlangoni. Fundi aliandika malalamiko, kwa niaba ya mkunga, kwa kampuni iliyomsajilia mtu yule jina. Akajibiwa na mashine, iliyomshukuru kwa subira yake.

"Subira gani?" mkunga akauliza. "Nani kaiambia nina subira?"

Mtaa wa pili aliishi mwalimu wa chekechea, binti ambaye mkunga alimpokea kwa mikono yake siku alipozaliwa, na ambaye sasa alikuwa mama mwenye kichanga cha kwanza. Mchana mmoja mkunga alikuwa akianua nguo aliposikia geti likisukumwa. Mwalimu aliingia nusu akikimbia, mtoto kifuani, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna.

"Mama, mwanangu haamki vizuri. Ananyonya kidogo, anaachia. Nikimwita hafungui macho."

Mkunga alimpokea. Akamkuna nyayo. Mtoto akatoa sauti ndogo, kama mlango unaofunguliwa mbali, kisha akalegea tena. Pumzi ilikuwepo, ila ilikuja kwa uvivu.

"Umempa nini?"

"Matone tu. Yale yako."

"Yangu yapi?"

"Ya kwenye tovuti yako, mama. Uliandika wewe mwenyewe. Nimempa vilevile ulivyosema."

Mkunga akageukia nyumba, mtoto kifuani. "Chupa unayo? Ichukue. Mzee! Gari!" Mpima ardhi, mtu ambaye kwa kawaida hakutoka getini bila kukagua matairi, alikuwa ameshawasha injini kabla hawajafika.

Hospitalini, daktari wa zamu alimchukua mtoto kwanza, akauliza maswali baadaye. Wakamwekea hewa, wakampima, wakamweka mahali pa kuangaliwa kwa karibu. Daktari aliinusa ile chupa, akaigeuza. Karatasi yake ilikuwa na maua yaliyochorwa, na neno "asilia," basi. Akasema kilichomo ni dawa ya usingizi, ya aina gani watajua wakiipima, na kwamba mama amefanya vizuri kuwahi. Wangengoja kuona.

Wanawake wawili wakakaa kwenye benchi la korido.

"Mama," mwalimu akasema, macho chini, "ningejuaje? Jina ni lako. Maneno ni yako, hata ule utani wako wa baba kuogopa kinyesi. Nilicheka, nikaamini."

Mkunga alikuwa amemtajia mkia ule waziwazi, mara mbili, siku alipokwenda kumwona mtoto. Nilikwambia info. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akautazama ule mguu usio na ndala, wenye vumbi, vidole vimejikunja, akayameza.

"Hukukosea, mwanangu. Ulibisha hodi kwangu, ukafunguliwa na mwizi."

Lakini ndani alikuwa anachemka. Alimchukia yule asiye na jina. Alichukizwa na fundi na punguzo lake, na mume na vigingi vyake, na mhasibu, na mioyo myekundu ya mdogo wake. Na akiwamaliza wote alijikuta amerudi kwenye kile kiti cha mguu mfupi, akisikia sauti yake mwenyewe: weka chochote. Hakuwahi kumwambia muuguzi "weka chochote." Hata siku moja.

Asubuhi yake mtoto alilia. Alilia kwa njaa, kwa hasira, uso umekunjamana, na mkunga, ambaye amesikia vilio vya watoto kuliko watu wengi wanavyosikia nyimbo, alisimama dirishani mwa wodi akajifuta macho kwa ukingo wa khanga.

Akatoka hapo moja kwa moja mpaka juu ya duka la miwani.

"Jina naliacha," alimwambia fundi.

"Mama! Jina zuri hivyo? Tungengoja kidogo. Pengine mwakani hatalilipia, litarudi."

"Mpaka mwakani watoto wangapi watakuwa wamelazwa? Keti. Na hiyo simu izime."

Fundi akaizima. Akazima na ya pili.

Masharti ya mkunga yalikuwa mawili. Doti komu iwe wazi, na mtu akilisikia jina mara moja tu, aliandike sawasawa. Akampigia mdogo wake dukani. "Shika kalamu, andika ninachosema, usiniulize kitu." Akamwambia Mkunga Anasema. Mdogo mtu alipomsomea, herufi moja ilikuwa imemezwa katikati. Likatupwa. Akamwambia Mama na Mkunga. "Manamkunga ndiye nani?" likaja jibu. Likatupwa. Yakafuata mengine, yakafuata njia hiyohiyo. Mwisho akasema, "Uliza Mkunga."

"Uliza Mkunga," muuza magodoro akasoma, herufi kwa herufi, hakuna kilichopungua. "Halafu doti komu, siyo?"

"Doti komu."

"Si mimi nilisema tangu mwan..."

Mkunga akakata simu. Fundi alikuwa ameshabonyeza, na safari hii hakueleza kitu. Wakalisajili palepale, na pamoja nalo doti ogi, doti info na mkia wa nchi, yote yakielekezwa mlango mmoja, ili asipatikane tena mtu wa kukaa kibarazani mwake na kujifanya mwenyeji.

Nyumbani aliwaambia jambo likiwa limekwisha. Mpima ardhi akainua kidole. "Lakini hatukukaa..."

"Tumekaa. Nimekaa mimi na magoti yangu."

Kidole kikashuka.

Makala ya kwanza kwenye tovuti mpya ilihusu matone yale. Hakumtaja mtoto wala mama yake. Alieleza yaliyomo kama daktari alivyothibitisha, alama za hatari, na namna ya kusoma jina la tovuti lote, mpaka mkia, kabla ya kuamini neno lililomo. Daktari akaipeleka kliniki. Mwalimu mwenyewe aliisoma kwa sauti getini pa chekechea wazazi walipokuja kuchukua watoto, na alipofika kwenye dalili za kulegea aliurudia mstari ule mara mbili. Kule doti info mkunga aliacha maneno machache tu: nimehama, nifuate huku.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kuudhi. Kila makala ya zamani ilikuwa na lile jina, juu, chini, hata katikati ya mzaha. Alikaa mchana kutwa akilifuta, moja baada ya moja, akinung'unika kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Neno lilikuwa lake. Alilisema kwenye vyumba vya kujifungulia kabla yule mwizi hajajua kutambaa, na sasa yeye ndiye aliyelifuta, mwizi akilitumia. Mumewe alimletea chai, akaiweka, akaondoka bila kutoa maoni. Mkunga alilitambua hilo, ingawa hakumwambia.

Mwaka uliofuata ukurasa wa matone ulitoweka. Hakuna aliyejua kwa nini. Fundi alipiga simu, furaha imemjaa.

"Mama! Jina lako linauzwa! Pakata Mwana, doti komu, limewekwa sokoni."

"Nani anauza?"

"Yuleyule, nadhani. Anataka bei kubwa, lakini tukimbembeleza..."

Mtoto wa mwalimu, ambaye sasa alikuwa akitembea na kubomoa, alikuwa sakafuni akimvua viatu.

"Nimbembeleze mwizi aniuzie jina langu?"

"Ni jina zuri, mama."

"Najua ni zuri. Nilikuwa nalo kabla yako." Akamwinua mtoto, akampakata upande mmoja, simu upande wa pili. "Sasa nisikilize. Ile makala ya kuota meno, picha zake hazifunguki tangu juzi, na kina mama wananipigia mimi, hawakupigii wewe. Lini unarekebisha?"